KUONDOA NA KURUDISHA EKSELI YA NYUMA YA MOTOKAA
Maneno ya mazungumzo kwa machifu, walimu, na wenye magari



Leo twapenda kuwaeleza habari ya kazi moja ya ufundi ambayo hufanyika mara nyingi mbali na mji, chini ya mti, pasipo karakana wala sakafu ya saruji. Kazi yenyewe ni kuondoa ekseli ya nyuma ya gari, yaani mhimili mzima wa magurudumu ya nyuma pamoja na difu yake, na kisha kuirudisha mahali pake. Pengine mtu atauliza, Mambo haya yamhusu nini chifu au mwalimu, maana ni mambo ya fundi? Twajibu kwamba gari moja kijijini si mali ya mwenyewe tu. Ndilo lichukualo mazao kwenda sokoni, na mgonjwa kwenda hospitali. Likiharibika, watu wote huona dhiki, nao humhimiza fundi amalize upesi. Na haraka ile ndiyo iletayo msiba, ama kwa fundi aliye chini ya gari siku ile, ama kwa abiria watakaopanda siku ya pili. Kwa hiyo yafaa wakubwa wa kijiji wajue kazi hii ina hatari gani, na mahali pa kusimama imara na kusema, "Bado, ngojeni."

Ili maneno yetu yasiwe ya hewani, tutachukua gari moja kuwa mfano, nalo ni Land Rover ya namna ya zamani, yenye springi za bapa. Gari hili lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, na namna hii ya springi za bapa ilitengenezwa mpaka mwaka 1985. Magari mengine yenye springi kama hizo hufuata kanuni zile zile, lakini kila gari lina kitabu chake, na fundi hana budi kukisoma kwanza.

KAZI YA DIFU

Kwanza yatupasa kujua kilichomo ndani ya ekseli. Nguvu ya injini hutoka katika giaboksi, ikapita katika fimbo ndefu ya chuma iitwayo propela, ikaingia katika tumbo la ekseli. Humo mna gurudumu dogo la meno, yaani pinioni, nalo huzungusha gurudumu kubwa la meno liitwalo krauni. Katika Land Rover nyingi za namna tuliyoitaja propela huzunguka mara 4.7 ili magurudumu ya gari yazunguke mara moja. Kutoka hapo nguvu hugawanywa kwa saidi shafti mbili, moja ya kulia na moja ya kushoto, na kila moja huzungusha gurudumu lake.

Mgawanyaji wa nguvu hiyo ndiye difu. Mabwana Walimu waweza kuwaonyesha wanafunzi sababu yake uwanjani. Chora duara mbili chini, moja ndani ya nyingine, ziachane mita 1.3, ambayo ni kadiri ya nafasi iliyopo kati ya magurudumu ya Land Rover. Kisha pima mzingo wa kila duara. Mtaona kwamba duara ya nje yazidi ile ya ndani kwa mita 8 na kitu, na zidio hilo ni lile lile, duara zikiwa kubwa au ndogo. Basi gari likipinda kona ya robo duara, gurudumu la nje halina budi kwenda mita 2 zaidi kuliko mwenzake. Kama yangefungwa pamoja kwa chuma kimoja, moja lingeburuzwa, mipira ingelika, na shafti zingevunjika. Mtengeneza saa mmoja wa Ufaransa, jina lake Onésiphore Pecqueur, ndiye aliyepata hati ya uvumbuzi wa difu ya namna hii mnamo mwaka 1827. Difu yake huyaacha magurudumu mawili yaende kwa mwendo mbalimbali, hali yote mawili yanasukumwa.

Shikeni sana jambo hili, maana uhuru huo wa magurudumu unaotusaidia njiani ndio unaoweza kumwua fundi. Breki ya mkono ya Land Rover haikamati magurudumu, kama ilivyo katika magari mengi. Hukamata propela, nyuma ya giaboksi. Maadamu magurudumu yote mawili ya nyuma yamekanyaga chini, gari husimama. Lakini ukiinua gurudumu moja kwa jeki, propela hubaki imefungwa, na difu huliruhusu gurudumu lililo hewani kuzunguka kinyume, huku lile lililo chini likibingirika. Gari litaondoka juu ya jeki, ingawa breki ya mkono imevutwa kwa nguvu zote. Na ukiinua magurudumu ya nyuma yote mawili, yale ya mbele ndiyo yatakayobaki chini, na breki ya mkono peke yake haiyashiki, si katika gari hili tu bali katika magari mengi. Kwa hiyo, kabla ya spana yoyote kuguswa, magurudumu ya mbele yazuiwe kwa kabari za mti mgumu, mbele na nyuma, kulia na kushoto.

JE, YAPASA EKSELI IONDOLEWE?

Fundi mwenye busara hujiuliza swali hili kwanza. Mara nyingi ugonjwa si wa ekseli nzima. Ikiwa injini yanguruma, gia yaingia, propela yazunguka, na gari haliendi, aghalabu saidi shafti moja imevunjika. Katika Land Rover shafti hiyo huvutwa nje kwa kufungua bolti 6 zilizo katikati ya gurudumu, na ekseli isiondoke mahali pake. Lakini vipande vya chuma vilivyovunjika visiachwe ndani, kwa maana vitaingia kati ya meno ya krauni na kuyaharibu yote.

Ikiwa difu yenyewe ndiyo yenye kelele, katika ekseli ya kawaida ya Land Rover oili humwagwa, shafti zote mbili huvutwa nje kidogo, propela hufunguliwa, kisha difu hutolewa kwa mbele baada ya kufungua nati 10. Hapo pia gamba la ekseli hubaki garini. Lakini angalieni, baadhi ya Land Rover ndefu zimefungwa ekseli ya namna nyingine iitwayo Salisbury. Hiyo ina kifuniko kwa nyuma, na difu yake haitoki nzima kwa mbele. Asiyejua tofauti hiyo atapoteza siku nzima akipiga nyundo bure.

Ekseli nzima huondolewa wakati gamba lake limepinda, limepasuka au limeliwa na kutu, au wakati wa kuweka ekseli nyingine badala yake.

MAHALI PA KAZI

Chagueni mahali palipo sawa na pagumu. Pasipokuwa na saruji, wekeni ubao mpana na mnene chini ya jeki, isizame. Legezeni nati za magurudumu gari likiwa bado chini. Kisha inueni gari, na kulikalisha juu ya stendi za chuma zilizo imara, zikishika chasisi mbele ya mahali springi za nyuma zinapoanzia. Mahali pasipo na stendi, pangeni magogo ya mti mgumu yaliyochongwa pande nne, mawili huku na mawili kule, yakipandana msalaba kama ghala ya mahindi. Matofali ya saruji yenye matundu yasitumiwe kabisa. Hayo hupasuka ghafula, wala hayatoi onyo.

Jeki ni chombo cha kuinulia, si chombo cha kushikilia. Jeki ya mafuta yaweza kushuka kwa kuvuja kidogo tu kwa mpira wa ndani. Mtu asiingize hata mkono chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Gari likisha kukaa juu ya stendi, lisukumeni kwa mikono kutoka ubavuni. Likitikisika, lishusheni mkapange upya. Ni heri lianguke kabla mtu hajaingia.

Na hapa pana kazi ya wakubwa wa kijiji, kuwaweka watoto na watazamaji mbali, na kumzuia mtu yeyote asipande garini wakati fundi yumo chini.

KUONDOA

Magurudumu yakisha kutolewa, fungueni kizibo cha chini cha ekseli na kuikinga oili katika debe. Itazameni oili ile. Ikiwa ina vumbi la chuma linalong'aa, meno yanalika. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, labda mtoni. Wala isimwagwe karibu na kisima.

Propela imeunganishwa na ekseli kwa bolti 4. Kabla ya kuzifungua, pigeni alama kwa tindo au rangi pande zote mbili, ili zirudi vile vile zilivyokuwa. Propela ikirudi kwa upande mwingine yaweza kutetemesha gari lote. Ikisha kufunguliwa, ifungeni juu kwa kamba, isining'inie.

Sasa bomba la breki. Kutoka chasisi hata ekseli upo mpira mmoja uchukuao mafuta ya breki kwenda nyuma. Tumieni spana mbili, moja ishike mpira usijisokote, na moja ifungue nati ya bomba la chuma. Zibeni matundu yote mara moja kwa vizibo safi, maana punje moja ya mchanga ikiingia yatosha kuharibu mpira wa silinda. Mafuta ya breki ni sumu, tena hubambua rangi ya gari. Nawa mikono kabla ya kula, na chupa yake isiwekwe mahali watoto wanapoweza kuifikia.

Kisha fungueni shokabzoba kwa chini, pande zote mbili, na ukanda unaozuia ekseli isishuke mno, ukiwapo. Wekeni jeki chini ya tumbo la ekseli na kuipandisha mpaka ichukue uzito wake. Baada ya hayo ndipo yu-bolti ziwezapo kufunguliwa, zile zinazoifunga ekseli kwenye springi. Kama kutu imezishika, zipakeni mafuta tangu jana yake. Mwisho toeni bolti za nyuma za springi, springi zishuke polepole, ekseli ipate kutoka.

Mkumbuke kwamba ekseli haina uzito sawa pande zote. Pua yake, pale propela inapofungwa, ni nzito, nayo hupenda kupinduka ghafula juu ya jeki na kusaga vidole. Si kazi ya mtu mmoja. Wawepo watu wawili kila upande, na mmoja tu atoe amri. Waswahili husema, kidole kimoja hakivunji chawa.

KURUDISHA

Wengi hudhani kurudisha ni kuondoa kwa kinyume tu. Maneno hayo ni kweli nusu. Wakati wa kuondoa, kosa humdhuru fundi. Wakati wa kurudisha, kosa hungoja njiani, likawadhuru watu wasiojua lolote.

Kwanza safisheni. Mahali springi inapokalia ekseli pafutwe kutu na udongo. Tazameni sili za oili katika ncha za ekseli. Tazameni pia kipumulio kidogo kilicho juu ya gamba. Ekseli ikipata moto, hewa iliyo ndani hupanuka. Ikikosa njia ya kutokea, huisukuma oili ipite kwenye sili mpaka kwenye breki, na breki iliyolowa oili haishiki. Kwa kipumulio kilichozibwa na tope, gari zima laweza kukosa breki za nyuma.

Ekseli ikipandishwa, hakikisheni kwamba kichwa cha bolti ya katikati ya springi kimeingia sawasawa katika tundu lake, kulia na kushoto. Kisipoingia, ekseli hukaa mshazari, gari huenda upande kama kaa, na mipira hulika kabla ya wakati wake. Tieni yu-bolti mpya na nati mpya, kwa maana zile za zamani zimekwisha kuvutika. Zikazeni kidogo kidogo, kwa msalaba, ili zishike kwa nguvu moja, kwa kadiri iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Bolti za ncha za springi zisikazwe mwisho gari likiwa hewani. Zikazwe baada ya gari kushushwa na kuchukua uzito wake, ama sivyo mipira yake itasokotwa na kukatika upesi.

Rudisheni propela kwa alama zake, na shokabzoba. Mpira wa breki, kama una ufa hata mdogo, utupwe na kutiwa mpya. Usisokotwe, wala usiguse springi au gurudumu. Jazeni oili ya difu, namna ya EP 90, mpaka ianze kutoka katika tundu la kipimo, gari likiwa limesimama sawa. Ekseli ya kawaida huchukua kiasi cha lita 1.75.

HEWA KATIKA BREKI

Sasa tumefika mahali tulipotaka kufika tangu mwanzo. Breki za gari hili hufanya kazi kwa mafuta. Mafuta hayabanwi yakapungua, kwa hiyo nguvu ya mguu hufika yote kwenye gurudumu. Lakini hewa hubanwa. Bomba likisha kufunguliwa, hewa huingia, na dereva akikanyaga, nguvu yake huishia katika kuibana hewa ile. Pedali hushuka laini kama godoro, na gari haliwezi kusimama.

Hewa hiyo haina budi kutolewa. Anzeni kwa gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Katika gari lenye usukani wa kulia, aghalabu ni gurudumu la nyuma la kushoto. Vikeni kipira chembamba kwenye nipeli, ncha yake nyingine ikizama katika gilasi yenye mafuta safi ya breki. Mmoja akanyage pedali, na mwenzake afungue nipeli. Mapovu yatatoka. Nipeli ifungwe kabla mguu haujainuliwa. Rudieni mpaka mapovu yaishe, kisha gurudumu la pili, na kadhalika. Wakati wote chombo cha mafuta kiangaliwe, kisikauke, maana kikikauka hewa itaingia tena, na kazi yote itaanza upya. Msitie kamwe oili ya injini wala mafuta ya taa mahali pa mafuta ya breki. Hayo huvimbisha mipira, na breki zote huharibika. Wala mafuta yaliyotoka yasirudishwe. Chupa iliyokaa wazi siku nyingi isitumiwe, kwa sababu mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani.

Kisha jaribuni. Kanyageni pedali kwa nguvu, muishike kwa muda wa dakika nzima. Ikizidi kushuka, kuna mahali panapovuja, na gari lisiondoke.

MAJARIBIO NA AMRI YA MWISHO

Gari likisha kuwa tayari, fundi mwenyewe aliendeshe kwanza, polepole, mahali tambarare pasipo watu, akijaribu breki mara nyingi. Akirudi, aguse dramu za breki na tumbo la ekseli kwa uangalifu aone kama kuna joto la kupita kiasi, achungulie kama kuna oili au mafuta yanayovuja, kisha akaze tena nati za magurudumu na za yu-bolti. Baada ya mwendo wa siku ya kwanza azikaze mara nyingine, maana vyuma vipya hujikalisha na kulegea.

Siku ile ya majaribio gari lisipakie abiria wala mzigo. Tunajua jinsi neno hili lilivyo gumu. Magunia yamekwisha kupangwa, soko ni kesho, na pengine yupo mgonjwa anayengoja. Watu watamzunguka fundi wakisema, "Bwana, si limekwisha kunguruma? Twende!" Fundi ni mtu mmoja, tena aghalabu kijana, naye huona haya kuwakatalia wazee. Basi hapo ndipo lifaapo neno la mkubwa. Mgonjwa atafutiwe gari jingine, au achukuliwe kwa machela hata barabara kuu. Magunia yatangoja. Chifu akisimama upande wa fundi na kusema, "Gari hili haliondoki mpaka breki zijaribiwe," atakuwa ameokoa roho nyingi ambazo hazitajua kamwe kwamba ziliokolewa.

Nao walimu twawaomba waandike mambo haya katika karatasi moja, kwa maandiko makubwa, ili yabandikwe mahali gari linapotengenezwa: kabari katika magurudumu ya mbele, stendi chini ya chasisi, alama katika propela, hewa kutolewa katika breki, pedali kushikwa dakika moja, nati kukazwa mara ya pili. Mtu mmoja asome kwa sauti na fundi ajibu, neno kwa neno, kabla gari halijashuka njiani. Si kumdharau fundi. Hata marubani wa ndege husomeana orodha yao kabla ya kuruka, nao ni watu waliofundishwa miaka mingi.

Basi hayo ndiyo tuliyotaka kuwaambia. Mwenye swali na aulize sasa, na mwenye gari lililoinuliwa kwa jeki nyumbani, tafadhali aende kwanza akatie kabari, kisha arudi tuzungumze.